Jina la Mwaloni Kwenye Mlima Usio na Mwaloni

Njia ya kwenda Masama huiacha barabara kuu ya Moshi na Arusha pale Kwasadala, kisha ikaanza kupanda kuelekea kaskazini. Ndani ya kilomita chache msafiri hupita nchi tatu: nyuma yake mbuga kavu yenye miiba, pande zake mbili vihamba vya migomba na kahawa, na mbele yake msitu wa mvua unaoizunguka Kibo, kilele cha mlima Kilimanjaro chenye mita 5,895. Nimeipanda njia hii nikifuatilia jambo ambalo mwanzoni linaonekana halina maana. Katika kila moja ya nchi hizo tatu kuna mmea ambao jina lake la kisayansi limetokana na neno la Kigiriki au la Kilatini linalohusu mwaloni, na mlima mzima hauna mwaloni wa asili hata mmoja. Jenasi ya mwaloni, Quercus, ina mamia ya spishi huko Ulaya, Asia na Amerika, lakini katika Afrika imeishia kaskazini, kwenye nchi kama Moroko, Aljeria na Tunisia. Kusini mwa Sahara haikuwahi kuota yenyewe. Watu wengi wa Masama wameufahamu mti huo kwa kusikia tu, katika habari za Ibrahimu na mialoni ya Mamre, na hata hapo watafsiri wa Biblia walilazimika kuazima neno la Kiebrania kwa sababu Kiswahili hakikuwa na mti wa kuuita hivyo.

Ninachotaka kusema baada ya kuipanda njia hii ni hiki. Jina la kisayansi ni anwani ya mmea, na anwani hiyo tunaihitaji. Lakini maneno yanayotumika kuiandika yametoka katika kumbukumbu ya aliyelitoa jina, hayakutoka katika mmea wenyewe. Aliyekulia kwenye mialoni aliiona mialoni kila alikokwenda. Tukilielewa hilo vizuri, hatutayatupa majina ya Kilatini wala hatutayasujudia. Tutadai kwa ajili ya lugha za mlima huu haki ile ile waliyoipata wakulima na wakata miti wa Ugiriki miaka 2,300 iliyopita, yaani haki ya maneno yao kuandikwa na kubaki. Nitajaribu kulithibitisha hilo kwa kufuata mimea yenyewe, kutoka chini kwenda juu.

Tuanze na mbuga. Katika nyika kavu za kaskazini mwa Tanzania huota mjunju, mti mfupi wenye miiba mirefu ya kijani iliyonyooka na majani yanayokaa mawili mawili kwenye kikonyo kimoja. Tunda lake likiiva huwa la manjano. Ngozi yake humenyeka kwa kidole, nyama yake inanata na ina utamu uliochanganyika na uchungu, na ndani yake mna kokwa ngumu yenye mafuta. Jina lake la kisayansi ni Balanites aegyptiaca, na balanos kwa Kigiriki ni tunda la mwaloni. Habari ya jina hilo inastahili kusimuliwa. Prospero Alpini, daktari wa Kiitalia aliyeishi Misri mwishoni mwa karne ya 16, aliuandika mti huu kwa jina alilolisikia huko huko, agihalid, na mwaka 1763 Mfaransa Michel Adanson akalifanya neno hilo la Kiarabu kuwa jina la jenasi. Baadaye Napoleon aliivamia Misri mwaka 1798 akiwa na kundi la wanazuoni, mmoja wao akiwa Alire Delile. Mwaka 1813 Delile alitoa jina la Balanites kwa sababu tunda lilimkumbusha lile la mwaloni. Kwa desturi ya sayansi ya mimea, jina lililotangulia ndilo hushinda. Hapa wataalamu walikubaliana kulihifadhi la Delile na kuliacha la Adanson, kwa kuwa lilikwisha kuenea vitabuni. Neno la watu waliokula matunda ya mti huo na kukamua mafuta yake likapisha neno la tunda ambalo halijawahi kuota jirani nao.

Juu ya barabara kuu vinaanza vihamba. Mwaka 1984 watafiti watatu, wawili wao Watanzania, Aku O'Kting'ati na Jumanne Maghembe, wakishirikiana na Erick Fernandes, walichapisha maelezo ya kilimo hiki cha Wachagga na kuhesabu zaidi ya spishi 100 za mimea ndani yake. Kihamba kimepangwa kwa ghorofa: juu kabisa miti mikubwa kama mringaringa na mfuruanje, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na ardhini maharage, magimbi na majani ya mifugo. Katika ghorofa ya juu, miti mingi leo ni mgrivea. Huu ni mgeni aliyetoka mashariki mwa Australia, akaletwa Afrika Mashariki kuipa kivuli kahawa na chai, akapendwa kwa sababu hukua haraka na kutoa mbao, kuni na maua ya nyuki. Jina lake kamili ni Grevillea robusta. Neno la kwanza linamkumbuka Mwingereza Charles Greville, mpenzi wa bustani aliyefariki mwaka 1809. La pili lina mwaloni ndani yake. Kwa Kilatini robur lilikuwa mbao ngumu, hasa ya mwaloni, na kitu cha robustus kilikuwa kitu cha mwaloni kabla hakijawa kitu chenye nguvu. Waingereza nao wakauita mti huu mwaloni wa hariri. Sababu yao inaonekana kwenye ubao. Ukipasuliwa kutoka kiini kuelekea ganda, uso wake hujaa madoa yanayong'aa, mapana kama ukucha, yaliyokatiza nyuzi za mti. Na mbao ya mwaloni ina madoa ya namna hiyo. Hariri ni ya jani, ambalo limechanikachanika juu na chini lina manyoya laini ya rangi ya fedha. Kwa nasaba, mgrivea na mwaloni hawana undugu wa karibu. Na kuhusu nguvu, kila mwenye kihamba anajua kwamba matawi ya mgrivea ni mepesi kuvunjika upepo mkali unapovuma. Jina linasifu uimara ambao mkulima haukuti.

Neno hilo hilo limeingia katika kahawa, ingawa si kahawa ya Masama. Mlimani hapa hulimwa arabika, ambayo historia yake inaanzia kwa mapadri wa Kikatoliki huko Kilema katika miaka ya 1890. Robusta ni ya Kagera, ambako Wahaya walikuwa wakizichemsha buni zake na kuzitafuna, na kumpa mgeni kwa heshima, muda mrefu kabla Mzungu hajafika. Sayansi iliipa jina la Coffea canephora mwaka 1897. Miaka michache baadaye kampuni ya miche ya Linden ya Brussels ikaanza kuuza miche iliyotoka Kongo kwa jina la Coffea robusta, ikiisifu kwa ukakamavu wake. Wataalamu walilikataa jina hilo baadaye, kwa kuwa canephora lilikuwa limetangulia, lakini soko halikulikataa. Leo mkulima wa Bukoba anauza zao la babu zake kwa neno la Kirumi la mwaloni lililotolewa dukani Ubelgiji. Hata arabika jina lake linapotosha, maana asili ya mti huo ni nyanda za juu za Ethiopia. Linnaeus, Mswidi aliyeweka msingi wa majina ya kisayansi, aliuita wa Uarabuni mwaka 1753 kwa sababu kahawa ilifika Ulaya ikitokea upande huo. Majina yote mawili yanaeleza njia ambayo mmea ulifikia macho ya mtoa jina. Wenyeji waliokuwa nao kabla yake hawamo.

Juu ya vihamba kuna ukanda wa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na mbao bila kuingia msituni, na baada ya ukanda huo ni msitu wenyewe, ambao sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Upande huu wa kusini ndio unaopata mvua nyingi, na mti unaoutawala ni mseri, ambao watu wa Usambara huuita mkulo. Hapa majina ya mwaloni yanazidi kusogeleana. Kwenye mashina ya miti hushikilia kangaga mmoja aitwaye Drynaria volkensii. Kangaga hawa hawana ua wala mbegu. Huzaa kwa vumbi laini linalokaa chini ya jani. Huyu ana majani ya aina mbili. Yale marefu ya kijani ndiyo hubeba vumbi la uzazi. Mengine ni mafupi, yamekaza kwenye gome kama viganja, hukauka mapema yakawa ya kahawia lakini hayadondoki. Hukinga majani makavu na maji yanayoteremka shinani, na takataka hizo zikioza huwa udongo wa mmea uliopanda juu bila kugusa ardhi. Majani hayo ya kahawia yana kingo zenye mawimbi, na mtu wa Ulaya aliyeyaona alikumbuka jani kavu la mwaloni. Drys ni mwaloni kwa Kigiriki, na humo ndimo lilimotoka jina Drynaria. Neno la pili linamkumbuka Georg Volkens, mtaalamu wa Kijerumani aliyekaa katika kituo cha utafiti cha Marangu kati ya mwaka 1892 na 1894.

Jirani yake, chini kwenye kivuli na unyevu, yuko kangaga mwingine wa ukoo tofauti, Dryopteris kilemensis. Hili kwangu ndilo jina linalosema mengi kuliko yote mlimani. Neno la pili ni Kilema, nchi ya Uchagani, lililoandikwa kwa umbo la Kilatini baada ya mimea ya safari za Baron Karl Klaus von der Decken za miaka ya 1860 kufika kwa Maximilian Kuhn huko Ujerumani. Neno la kwanza ni la Dioscorides, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 1 baada ya Kristo, aliyeandika habari za kangaga anayeota kwenye mialoni mikongwe. Adanson alilichukua neno hilo mwaka 1763 kwa ajili ya jenasi nzima. Jina zima basi linasomeka hivi: kangaga wa mwaloni, wa Kilema. Nusu yake ni ya mahali ambapo mwaloni haujawahi kuota, na nusu nyingine ni ya mti ambao Kilema hawajawahi kuuona. Hata hivyo nusu ile ya Kilema ni ushahidi muhimu. Inaonyesha kwamba Kilatini cha mimea kina nafasi ya neno la Kichagga, na kwamba nafasi hiyo ilikuwapo tangu karne ya 19.

Mfano wa mwisho uko kando ya vijito. Ni mti wa kijani wakati wote, wenye gome la rangi hafifu, vikonyo vya majani vyenye wekundu wa zambarau na matunda madogo mekundu. Jina lake ni Ilex mitis. Warumi walipotamka ilex walikuwa wakiutaja mwaloni wa pwani ya Mediterania usiopukutisha majani, ambao majani ya mche wake yana miiba kingoni. Kaskazini mwa Ulaya kuna mti mwingine, usio ndugu, wenye majani ya miiba yanayofanana na hayo, na kwa kufanana huko Linnaeus aliipa jenasi ya mti huo wa pili jina la Ilex, akalibakiza neno kwenye mwaloni kama jina la spishi tu. Kisha ikaonekana kwamba jenasi hiyo ina ndugu Afrika, lakini majani yake hayachomi, na jina lake la spishi, mitis, maana yake ni mpole. Jina limesafiri hatua mbili: kutoka kwenye mwaloni kwenda kwenye mti unaofanana nao kwa miiba, na kutoka hapo kwenda kwenye mti usiokuwa na miiba hiyo. Sababu ya kwanza ya kuitwa hivyo imepotea njiani, jina limebaki.

Mtu anaweza kudhani kwamba uhamaji huo ulitokea kwa sababu majina yaliletwa Afrika. Sivyo. Maneno haya yalihama hata nyumbani kwao. Wagiriki waliita phegos mwaloni mmoja wenye matunda yanayolika. Warumi wakawa na neno lenye asili moja nalo, fagus, lakini kwao likawa la mti mwingine kabisa, na kutoka kwa mti huo ukoo mzima wa mialoni leo unaitwa Fagaceae. Aesculus kwa Warumi ulikuwa mwaloni uliohusishwa na mungu wao mkuu, Jupiter. Linnaeus akalitoa neno hilo kwa mti wa milima ya Balkani usiohusiana nao. Hata drys, kwa maelezo ya wanaisimu, lina mzizi mmoja na maneno ya mti na mbao katika lugha nyingi za Ulaya na India, likabanwa polepole hadi likawa la mwaloni, kwa kuwa kwa Wagiriki mwaloni ndio uliokuwa mti wenyewe. Hakuna siku ambapo maneno haya yalikaa mahali pamoja. Yeyote anayeyatetea kama vitu vitakatifu visivyoguswa anatetea kitu ambacho hakikuwahi kuwapo.

La maana zaidi ni chanzo chake. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle aliyefariki karibu mwaka 287 kabla ya Kristo, ndiye anayeitwa baba wa elimu ya mimea. Alipofika kwenye mialoni katika kitabu chake cha historia ya mimea, aliwauliza watu wa mlima. Aliandika kwamba watu wa Ida, mlima ulioko magharibi mwa Uturuki ya leo, hugawa mialoni katika aina 5, akazitaja kwa majina yao na kueleza ipi ina matunda matamu, ipi ina mti ulionyooka, ipi haifai kwa mkaa. Kisha akaeleza kwamba Wamakedonia hugawa kwa namna nyingine, katika aina 4. Hakuupuuza upande mmoja ili kuwaridhisha wengine. Karne tatu na zaidi baadaye Mrumi Plinius Mkubwa alijaza sehemu kubwa ya kitabu chake cha 16 kwa habari za mialoni ya aina hizo hizo. Kwa hiyo Kigiriki na Kilatini tunachokikuta leo kwenye vibao vya bustani za mimea kilianzia vinywani mwa wachoma mkaa, wachunga nguruwe na maseremala wa milimani. Kilikuwa kilugha cha mlima kabla hakijawa lugha ya sayansi. Tofauti ya Ida na Kilimanjaro ni kwamba kule alifika mtu aliyeuliza, akaandika na kuyaacha maneno yafanye kazi.

Mlango wa maneno ya namna hiyo ulifungwa baadaye, na aliyeufunga anajulikana. Mwaka 1737 Linnaeus aliandika kanuni kwamba jina la jenasi lisilo na mzizi wa Kigiriki au wa Kilatini likataliwe. Adanson, aliyekaa Senegal karibu miaka 5 na kujifunza mimea kwa wenyeji, alimpinga na kuyapokea majina ya kienyeji. Ndiyo maana alikubali lile la mjunju. Linnaeus naye akaupa mbuyu jina la Adansonia, kwa heshima ya mtu huyo, wakati Adanson mwenyewe alitaka mti uitwe kwa jina la kienyeji. Lakini Linnaeus hakuifuata kanuni yake mwenyewe hadi mwisho. Coffea ni kahwa ya Kiarabu, ndiyo kahawa yetu. Na Musa, jenasi ya mgomba, wanazuoni wengi hulitoa katika mauz ya Kiarabu. Nguzo mbili za kihamba cha Masama zina majina ya kisayansi ambayo hayakuzaliwa Roma wala Athens. Kanuni za kimataifa za leo nazo zimeacha ukali huo: jina la jenasi au la spishi linaweza kuchukuliwa popote. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alitumia ruhusa hiyo, akauita Mkilua ule mti wa pwani yetu ambao maua yake, kilua, wanawake hujipamba kwayo kwa harufu yake. Jina zima ni Mkilua fragrans. Hakuna mtaalamu wa Tokyo wala wa São Paulo aliyeshindwa kulitumia kwa sababu ni la Kiswahili.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni kwamba nabishana na kivuli. Jina la kisayansi, watasema, ni alama tu. Hakuna anayedhani kwamba Grevillea ni mwaloni, na kama alama inafanya kazi, asili yake haina uzito. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Alama inafanya kazi kweli. Lakini kama neno lolote linafaa kuwa alama, basi neno la Kimachame, lugha ya Kichagga ya Masama, linafaa sawasawa na la Kigiriki, na anayelikataa la Kimachame lazima atoe sababu nyingine. Tena, majina huamua nani anakumbukwa. Msesewe, ambao gome lake chungu hutiwa katika mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga, una jenasi iitwayo Rauvolfia, kwa kumbukumbu ya Leonhard Rauwolf, tabibu wa Kijerumani aliyeandika habari za unywaji wa kahawa huko Halepo katika kitabu chake cha mwaka 1582. Mtu huyo ana stahili yake. Wachagga waliogundua kwamba gome hilo ndilo linaloipa mbege ladha yake hawakukumbukwa katika neno lolote la jina hilo.

Pingamizi la pili linatoka upande wa kinyume. Lipo kundi linalosema majina yote ya kikoloni yafutwe na miti yetu ipewe upya majina yetu. Naielewa hamu hiyo, na ninaona kuna mahali inapostahili kusikilizwa. Msesewe huo huo uliitwa kwa jina la spishi caffra, neno lenye mzizi wa tusi walilotukanwa watu weusi kusini mwa Afrika. Mwezi Julai 2024, katika mkutano wa Madrid, wataalamu wa mimea walipiga kura kubadili majina ya namna hiyo yawe affra, yaani ya Afrika, kufuatia pendekezo la Gideon Smith na Estrela Figueiredo wa Afrika Kusini. Tusi liliondolewa kwa kufuta herufi moja, na njia ya kuufikia mti haikukatika. Lakini kulifuta neno la mwaloni, ambalo halimtukani mtu, kutatugharimu kingine. Kila jina ni uzi unaofunga maandishi ya karne mbili: nani aliukusanya mmea, wapi, lini, una kemikali gani, unaliwa au unaua. Kazi kubwa ya mimea ya Afrika Mashariki iliyoratibiwa kutoka bustani ya mimea ya Kew huko Uingereza, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika 2012, ilieleza spishi zaidi ya 12,000 kwa majina hayo. Kuyakata ni kumnyima kijana wa Masama maktaba nzima siku anapoihitaji.

Pingamizi la tatu ndilo zito: majina ya kienyeji hayatulii. Mfuruanje wa mahali pamoja ni mruka mahali pengine, mseri wa Uchagani ni mkulo wa Usambara, na ukitoka Masama kwenda Rombo unapita lugha kadhaa za Kichagga. Ni kweli, na ndiyo sababu ninaitetea anwani ya Kilatini. Ila tofauti hizo si kasoro ya kuficha. Watu wa Ida na Wamakedonia nao hawakukubaliana, na Theophrastus aliziandika hesabu zote mbili, kwa kuwa mgawanyo wa kila jamii unaeleza wanachokiona katika mti. Kuziandika tofauti hizo kunawezekana pia kwa kazi ya kawaida. Kitabu cha miti na vichaka vyenye manufaa Tanzania kilichochapishwa mwaka 1994, ambacho Christopher Ruffo alikuwa mmoja wa waandishi wake, kimepanga miti kwa jina la kisayansi na chini yake kikaorodhesha majina ya lugha zetu. Mtu wa Rombo na mtu wa Masama wanakutana kwenye ukurasa mmoja, bila yeyote kuliacha jina lake. Wala kuandika ng'ambo pekee hakutoshi. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yaliichoma hebaria ya Berlin, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ambamo mimea mingi ya Afrika Mashariki ilikuwa imehifadhiwa tangu siku za Volkens. Kilichookoka ni kile kilichokuwa na nakala mahali pengine.

Ndiyo maana hitimisho langu ni la kazi, na kazi yenyewe inaweza kuanza Masama. Shule zilizo kandokando ya njia hii zimezungukwa na vihamba vyenye mimea mingi kuliko bustani nyingi za mimea. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba Dryopteris ni kangaga wa mwaloni, na kwamba kilemensis ni Kilema ya hapa hapa mlimani, hatakariri tena jina hilo kama adhabu. Atalisoma kama sentensi, na atajua kwamba lugha ya sayansi iliwahi kuisikia lugha ya mlima wake. Mwanafunzi huyo huyo awaulize wazee wa nyumbani kwake jina la Kimachame la kila mmea, matumizi yake, na mahali unapoota, kisha aandike pamoja na jina la kisayansi, na nakala zihifadhiwe shuleni na katika hebaria zetu za Arusha, Lushoto na Dar es Salaam. Haraka inahitajika, kwa kuwa vijana wengi wa mlimani leo hukulia mjini kwa Kiswahili, na jina la mti usiotajwa nyumbani hufa na aliyelijua. Na mtaalamu wa Kitanzania atakayeeleza spishi mpya kutoka misitu yetu asione haya kuliweka neno la wenyeji ndani ya jina lake. Verdcourt alikwisha kufanya hivyo, kanuni zinaruhusu, na maneno ya mwaloni yenyewe, yaliyotoka kwa wachoma mkaa wa Ida hadi kwenye makangaga ya Kilimanjaro, yanathibitisha kwamba neno la mwanakijiji likiandikwa vizuri linaweza kuutumikia ulimwengu mzima kwa miaka elfu mbili.